Paredi ya Seli za Mama

Usiku wa jana niliota nimeteuliwa kiranja wa mlango wa kizazi wa mama. Wadhifa huo sikuuomba.

Seli zote zimejipanga mstarini, sare za waridi, soksi zimepandishwa. Mbele yao imesimama chupa ya siki, imevaa miwani, funguo zinaning'inia kiunoni.

"Shikamoo, matroni," nasema.

"Marahaba. Tunakagua."

Inajimwaga juu ya mstari. Tunasubiri dakika moja, kama wasimamizi wa mtihani. Seli nyingi zinabaki waridi. Kumi na saba zinageuka nyeupe pe.

"Hiyo ndiyo saratani?" nauliza.

"Bado. Hawa wameanza utovu wa nidhamu tu. Wengine hujirudi wenyewe. Wengine ukiwaacha miaka, wanachoma bweni."

Mara tuko jikoni kwetu. Mama anachambua mchele.

"Mama Nakiete," chupa inasema, "nesi aliyekupima kwa siki alikwambia urudi Ijumaa hizi nyeupe zigandishwe kwa baridi zife. Ijumaa ndiyo leo."

"Siumwi popote."

"Nazo hazipigi kelele popote."

"Kadi yenyewe imepotea."

Meza inakohoa. "Haijapotea. Aliikunja mara nne akaniwekea chini ya mguu nisichechemee. Samahani, mama. Nimenyamaza wiki tatu kwa ajili ya starehe yangu."

Nainama, naichomoa kadi. Meza inaegemea ukuta na kulia taratibu.

Mama anaacha mchele. "Na wakikuta jambo baya zaidi?"

Shuleni nina jibu la kila kitu, hata la maswali ambayo sikuulizwa. Hapo namsogelea tu, kadi mkononi.

"Kiranja," chupa inasema, ikiigonga kadi muhuri kwa kifuniko chake, "msindikize."

Nikaamka.

"Nakiete," mama aliita kutoka jikoni, "meza umeifanya nini? Uji wote uko sakafuni."

Nilifumbua kiganja. Kadi, imekunjwa mara nne, inanuka siki. Kwetu hatujawahi kununua siki.

Nilimpelekea. Aliinusa mara mbili, akanitazama kwa makini. Siku ya kwanza ya likizo nilikuwa nimemtilia chumvi kwenye chai.

"Huu ni utundu wako."

"Safari hii hapana, mama."

Aliikunjua kadi polepole, akaisoma tarehe, akatazama kalenda ukutani, akaisoma tena.

"Tafuta kipande cha mbao uweke chini ya meza," alisema. "Kisha uvae viatu. Siendi peke yangu."