Makopo Mawili ya Nati

Makopo mawili yalikaa juu ya meza ya kazi tangu asubuhi, na hakuna fundi aliyethubutu kuyasogeza. Fundi waliyemwita Kimya aliyapanga mwenyewe, moja kulia, moja kushoto, akayafuta vumbi kama anayeandaa vyombo vya mgeni. Katika kopo la kwanza mlikuwa na nati kumi na sita za zamani, kila moja mdomo wake umechongwa kama koni. Katika la pili zilikuwemo nyingine kumi na sita, ndefu kidogo, zenye mdomo bapa na washa, kile kipete cha chuma cha kukalia. Kwa asiyejua, nati ni nati.

"Haya ni ya nini?" mpaka rangi wa karakana alimuuliza, brashi sikioni. "Umeyapanga kama dawa za hospitali."

"Mwalimu anakuja kuchukua gari lake."

"Najua. Nauliza makopo."

"Atachagua mwenyewe. Waite wenzako wote waje watazame."

Mpaka rangi alimkazia macho. Kimya hakuwa mtu wa kuita watu. Jina hilo karakana ndiyo iliyompa, kwa sababu aliweza kushinda kutwa nzima chini ya gari bila kutoa neno, na mteja akimsifu alitazama viatu vyake. Karakana ilikuwa yake, lakini mgeni alimdhani karani. Leo alikuwa amevaa ovaroli safi, na midomo ameibana kama mtu aliyeshika sindano kwa meno.

Kigari chenyewe kilisimama katikati ya uwanja kikimeremeta. Kilikuwa kigari cha zamani, kifupi, macho ya duara, kana kwamba kimeshangazwa na jambo tangu siku kilipoundwa. Kililetwa wiki sita nyuma kikivutwa kwa kamba, sakafu imeliwa na kutu hata ukiinua zulia unaona ardhi. Kimya alikata bati bovu, akachomelea jipya, akafungua breki zote nne, akaosha kabureta kwa mswaki. Alikifanyia kazi kwa upole aliokosa kumpa mwenye nacho.

Mwenye nacho alikuwa mzee ambaye nusu ya mafundi wa mji walipita mikononi mwake, na wote walimwita Mwalimu. Alikwisha kuacha kazi. Macho yalimpungua, magoti yakagoma. Alipoingia mara ya kwanza na kusema, "Nimesikia hapa kuna binti mwenye mkono wa ufundi," hakumtambua. Angemtambuaje? Mara ya mwisho kumwona alikuwa mtoto wa miaka sita, amekaa juu ya tairi akimngoja baba yake amalize kazi.

Miaka ishirini na miwili ilikuwa imepita. Siku hizo, katika karakana ya Mwalimu, mteja aliletewa rimu mpya za aloi kwa kigari cha aina hiihii. Baba yake Kimya ndiye aliyezifunga. Siku tatu baadaye gurudumu la nyuma lilichomoka kwenye kona, gari likabingirika, na yule mteja akapoteza mguu. Mwalimu aliwakusanya mafundi wote uwanjani, akanyoosha kidole. "Aliyekaza ni huyu. Mtazameni vizuri, msiwe kama yeye." Baba alisema maneno machache tu, na nyumbani aliyarudia mpaka yakachakaa: "Nilikaza. Alinipa nati zilezile za rimu za zamani, nikazikaza kwa mkono wangu."

Baada ya hapo hakuna karakana iliyompokea. Naye akawa anakaza kila kitu. Alikaza bomba la maji hadi likapasuka, bawaba za mlango, miguu ya kitanda. Mama alikuwa akihangaika na kifuniko cha chupa ya chumvi huku machozi yakimlenga, wala hakumlaumu. Baba alikufa hivyo, mkono wake ukizungusha ncha ya shuka.

Kimya alikuwa chuo cha ufundi, mwaka wa pili, siku mkufunzi alipoinua nati mbili mbele ya darasa. Rimu ya bati, alisema, ina tundu lililochongwa kupokea koni. Hii ya aloi ina tundu bapa. Ukiifunga kwa nati ya koni itakazika vizuri, spana itakuambia tayari, na baada ya muda italegea, kwa sababu inagusa ukingo tu. Kimya aliomba ruhusa akatoka, akasimama chooni ameushika ukuta. Kumbe baba hakukosea. Alikaza vizuri alichopewa. Na aliyempa alikuwa Mwalimu wa walimu. Angekosaje kujua jambo la mwaka wa pili? Alijua, akamtwisha mwingine. Tangu siku hiyo chuki yake ilipata sura, na hiyo sura ilikuwa na mvi.

Kwa hiyo mzee alipouliza kuhusu magurudumu, Kimya alikuwa tayari. Rimu za bati za awali zilikuwa nzima. Ukizipiga msasa na rangi zingekipendeza kigari kuliko chochote. Akamwambia zimekwisha. Akamtolea rimu za aloi zenye mikono minane, akaziegemeza kwenye bodi moja baada ya nyingine, na yeye asiyejua kusema siku hiyo alisema. "Tazama, Mwalimu, kinavyosimama. Kama kijana aliyevaa suti." Mzee alicheka, akapapasa mikono ile minane mmoja mmoja. "Hizi. Nifungie hizi."

Sasa alikuwa amefika, fimbo mkononi, shati limepigwa pasi.

"Shikamoo, Mwalimu," mafundi walimwamkia kwa pamoja.

"Marahaba, wanangu. Mbona mmejipanga kama mnapokea rais?"

"Tumekuja kuona bwana harusi akichukua mchumba wake," alisema mpaka rangi, na wote wakacheka, mzee akiwazidi.

Kimya alisukuma makopo mbele. "Mwalimu, nimekuachia kazi ya mwisho. Nati zipi?"

Alikuwa ameyasuka majibu yote mawili usiku na mchana. Akichukua bapa, angemwambia mbele ya watu: kumbe unajua, na siku ile ulijua. Akisita, angemwacha asite, jua likimpiga utosini, macho ya mafundi yakimtafuna kama yalivyomtafuna baba.

Mzee hakusita. Alitumbukiza mkono katika kopo la koni, akainua moja hewani.

"Ngojeni niwafundishe, maana siku hizi hamfundishwi. Nati ya koni inajiweka katikati yenyewe. Nimezitumia maisha yangu yote. Hizo nyingine ni urembo wa madukani."

Fundi mmoja aliyesoma alikohoa, akatazama pembeni. Kimya alimchunguza. Uso wa mzee haukuwa na kivuli chochote. Hakuwa anaficha, hakuwahi kuwa na cha kuficha. Alikosea siku ile, akanyoosha kidole, akarudi nyumbani akala, akalala usingizi wake wote. Mwongo ambaye Kimya alimchukia kwa miaka mingi hakuwepo. Alikuwepo mtu ambaye hakuwahi hata mara moja kujiuliza, na chuki ya Kimya ikawaka upya, vibaya zaidi ya mwanzo. Mwongo angalau angekuwa amemkumbuka baba.

"Haya," alisema. "Tufunge ulizochagua."

Alizikaza yeye mwenyewe, zote kumi na sita, kwa zamu ya msalaba, moja kisha ya upande wa pili, kama inavyotakiwa. Spana ilimwambia tayari. Mzee aliingia, akawasha, injini ikaimba.

"Nateremka nalo moja kwa moja barabara kuu," alisema akishusha kioo. "Wazee wenzangu wananingoja kule bondeni. Leo watalia wivu."

Barabara kuu ilikuwa na mteremko mrefu na kona tatu. Maneno mawili tu yalihitajika: safari njema. Yalikuwa mdomoni mwa Kimya, yamekwisha kuiva. Hakuna ambaye angemlaumu. Mashahidi wote walimwona mzee akichagua kwa mkono wake. Aliyaonja maneno hayo kwa ulimi. Kisha akazunguka upande wa pili, akafungua mlango, akaketi.

Haikuwa huruma, au haikuwa huruma peke yake. Alitaka yeye mwenyewe awepo nati zitakapolegea.

"Zungusha uwanja kwanza, Mwalimu. Gari likitoka matengenezo lazima litikiswe."

"Sawa, sawa. Unaniogopea kama mama mzazi."

Uwanja wa nyuma ya karakana ulikuwa wa mashimo na kokoto. Walizunguka mara tano, mara kumi, mzee akisimulia magari aliyoyafufua. Katika mzunguko wa kumi na tano sauti ilianza nyuma yao: tak, tak, tak.

"Jiwe limenasa kwenye tairi," mzee alisema.

"Shuka ulitoe."

Mzee alishuka, akapiga goti kwa shida karibu na gurudumu la nyuma. Akapapasa tairi, hapakuwa na jiwe. Vidole vyake vikapanda hadi kwenye nati. Ya kwanza ilizunguka. Ya pili ikazunguka, bila spana, kama kifuniko cha chupa. Akajaribu ya tatu, akaacha mkono wake palepale.

"Mwalimu!" mpaka rangi aliita kutoka mbali. "Jiwe lako limeota mizizi?" Watu wakacheka.

"Nyamazeni!" Kimya alisema, na kwa kuwa hawakuwahi kumsikia akipaza sauti, walinyamaza. "Nendeni mkale."

Waliondoka wakigeuka nyuma. Hadhara aliyoiita mwenyewe ilitawanyika, wala hakujua kwa nini ameiachia.

Mzee hakuinuka. "Kulikuwa na kigari kama hiki," alisema polepole, akiongea na gurudumu. "Nati nilizitoa mimi kwenye kopo. Nikampa. Kulikuwa na fundi mmoja mpole sana..." Aligeuza uso juu, macho yake yenye ukungu yakimtafuta. "Wewe ni mtoto wa nani?"

"Wa huyo."

Kimya alikuwa ameingoja sura hii tangu chuoni: midomo inayotetemeka, mkono usiojua uende wapi. Ilikuwa imekuja kamili, hata zaidi ya alivyoomba. Akaitazama mpaka mwisho, hakuyaondoa macho, na hasira yake haikushiba, ila ilianza kuchoka.

"Alikaza vizuri baba yako," mzee alisema. "Hakuna aliyekaza kama yeye."

"Usiniambie mimi."

"Nimwambie nani? Mwenyewe..."

"Mama yupo. Nyumba ya tatu kutoka hapa."

"Binti yangu, nipe siku mbili. Nijipange. Mtu hawezi kwenda hivi hivi, mikono mitupu, magoti yana vumbi..."

"Baba alifika nyumbani hivyo hivyo. Inuka, Mwalimu."

Hakumpa mkono. Mzee alijishika kwenye bodi ya gari, akainuka mwenyewe, fimbo akaisahau chini. Walitembea kwa miguu, yeye nyuma, Kimya mbele akipunguza hatua bila kupenda.

Mama alikuwa akimenya viazi mlangoni. Alimwona binti, akatabasamu. Alimwona aliye nyuma yake, na tabasamu likarudi lilikotoka. Mama ambaye hakuwahi kumwacha hata mchuuzi asimame juani hakusema karibu. Aliweka kisu ndani ya beseni, akaingia ndani, wakasikia akizima jiko. Alirudi ameshika kiti kimoja. Akakiweka, akakikalia yeye.

"Haya," alisema. "Sema."

Kimya aliegemea ukuta wa nje, pembeni, asiwaone. Alisikia sauti ya mzee ikianza, ikakwama, ikaanza upya.