Kovu la Eveline

Eveline alikufa kwa degedege msimu wa mafuriko. Sura yake ilibaki mahali pamoja tu: mchoro wa wino ambao Fausta aliuchora akimtazama mtoto akiwinga ndege kwenye mpunga, kule Mofu.

Bibi wa mtoto, Apolonia, alitaka siku ya kumaliza matanga kila ndugu aondoke na picha. Karakana yao pale Ifakara ilichapa kwa mbao, kama walivyofundishwa na mwalimu Mjapani aliyekwisha kurudi kwao. Fausta alichora, Theodori, mwanawe Apolonia na baba wa marehemu, alichonga, Aurelia alichapa, kila rangi na ubao wake. Mwalimu aliwaambia kwamba zamani kwao picha hizo zilibandikwa hata na wachuuzi kwenye kuta zao.

Aurelia alikoroga gundi ya mchele ya kubandikia mchoro ubaoni. "Watu wa Dar wanaulilia mchele wa Ifakara, sisi tunaulisha ubao!"

Theodori akaivuta ile gundi kwake.

"Baba Eveline," Fausta alisema, "nitoe nakala kwanza? Karatasi ikishabandikwa huchongwa pamoja na ubao, ndiyo basi."

"Nakala haikumwona mwanangu."

Akaubandika mchoro kifudifudi, maana ubao hugeuza kila kitu unapochapa. Akasugua mgongo wa karatasi mpaka mistari ikaonekana, akaanza kuchonga. Karatasi iliondoka na maranda ya mti. Wiki nzima aliinamia sura ya mwanawe iliyogeuzwa.

Alipofika juu ya nyusi alikuta kovu: uji wa moto ulimmwagikia Eveline akiwa anatambaa. Ilikuwa auache ukingo mwembamba tu wa mti ili kovu lichapike. Hakuweza. Akaukwangua, paji likawa laini.

Picha ya kwanza alipewa Apolonia. Aliitazama kwa muda.

"Mzuri. Ni wa nani?"

"Mama, ni Eveline."

"Eveline wangu alikuwa na kovu. Nililipaka mafuta kila asubuhi."

"Ubao haurudishiki," Aurelia alinong'ona.

"Nitalichora kwa mkono." Theodori akachovya brashi. Akaipeleka nyusi ya kulia, akasita, akaihamishia kushoto. Alifumba macho amwite mwanawe. Aliyemjia ni yule wa ubaoni, aliyegeuzwa, asiye na kovu.

"Mama," alisema polepole, "lilikuwa upande gani?"

Fausta akaikumbuka nakala ambayo hakuitoa, akainamisha kichwa. Apolonia alimshika mwanawe mkono wenye brashi, akauongoza mpaka mahali penyewe, wakachora pamoja.

Theodori aliitazama sura ile. Bado hakumtambua.