Kigae Kilichovishwa Dhahabu

Kwa miezi minne mfinyanzi mmoja hakuwa na raha. Alikuwa akitengeneza vyungu vya kuchujia maji, kwa udongo uliochanganywa na unga wa mbao. Unga ukiungua tanurini, huacha vitundu ambavyo maji hupita na vijidudu hukwama. Lakini kila akipeleka vyungu kumi kupimwa, vitatu vilirudishwa kwa kupitisha vijidudu. Udongo uleule, tanuri lilelile, mikono ileile. Alijiuliza mpaka akachoka.

Mdogo wake, mwalimu wa sekondari, ndiye aliyemwambia kwamba chuo kikuu kina maabara ya pamoja, yenye hadubini ya kuona vitu vidogo kupita kiasi, na kwamba hata mtu wa nje huruhusiwa kuomba zamu. Mfinyanzi alidhani anataniwa. Hata hivyo aliandika barua, na akajibiwa.

Siku ya zamu alifika asubuhi na mapema na vigae viwili mkobani, kimoja cha chungu kizuri, kingine cha chungu kikorofi. Fundi wa hadubini, binti mpole mwenye miwani, alimvisha koti jeupe, akamweleza kwamba kwanza vigae vitapakwa dhahabu, utando mwembamba mno, la sivyo picha haitatulia.

“Miaka thelathini mume wangu hajanivisha hata hereni,” mfinyanzi alisema. “Leo kigae kimenitangulia.”

Binti alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi.

Kwenye kompyuta, kigae kizuri kilijaa vitundu vidogo vilivyokaa sawasawa. Kile kikorofi kilikuwa na mashimo marefu yaliyoungana. Mfinyanzi alisogea, pua nusura iguse kioo. Umbo lile alilijua.

“Huo haukuwa unga, mwanangu. Hayo ni maranda.”

Kumbe seremala aliyemuuzia unga wa mbao, unga ukipungua, humjazia gunia kwa maranda, vile vipande virefu vinavyotoka kwenye randa. Mfinyanzi alirudi nyumbani, akanunua chekeche la matundu madogo, akachekecha magunia yote ya unga, akapiga chafya wiki nzima. Vyungu kumi vilivyofuata vilifaulu vyote.

Aliporudi maabara kumshukuru binti, alimkuta profesa anayetafiti betri na wanafunzi wake wakisubiri zamu yao. Profesa alisikia habari ile, akakiri kwamba unga wao wa kutengenezea betri nao unawasumbua kwa chembe kubwa, akaomba awaonyeshe wanafunzi wake namna ya kuchekecha.

Mfinyanzi hakungoja kubembelezwa. Alivaa tena koti jeupe, akakunja mikono yake, akawapanga wasomi wale mstari mmoja, akaanza kuwafundisha kutikisa viganja kana kwamba vimeshika chekeche.