Mzigo Unaolalamika

Katika yadi ya malori walimwita Kaza, na jina hilo hakulipata kwa uzuri wa sura. Miaka kumi na miwili alikuwa akifunga mizigo: mabati, matangi, magodoro, hata piano moja iliyosafiri siku tatu juu ya mashimo ikafika na sauti zake zote. Kanuni ya kazi yake ilikuwa moja tu, kitu kisicheze. Akimaliza kukaza, aliupiga mzigo makofi mawili na kumwambia dereva, "Huyu haendi popote. Twende."

Sasa Jumamosi moja mchana, watoto wakiwa kwa shangazi yao, mkewe alimnong'oneza kwamba angependa afungwe mikono kidogo, kimahaba. Mkewe alikuwa fundi cherehani, mwenye ulimi mkali kuliko sindano zake, lakini siku hiyo aliomba akitazama chini. Kaza akajiona kama mwanafunzi aliyeulizwa jina lake kwenye mtihani. Akaingia stoo, akarudi na kamba ya plastiki ya njano, ile ya turubai.

Mazoea yana taabu. Mikono ilipozungushiwa kamba mara tatu, Kaza aliweka mguu kwenye ubao wa kitanda, akabana pumzi, akavuta. Akapiga fundo la safari ndefu. Kisha, kabla akili haijamfikia, akampiga mkewe makofi mawili ya nyonga na kusema, "Huyu haendi popote. Twende."

Mkewe alicheka mpaka machozi yakamtoka. Halafu akaacha kucheka, maana kamba ilikuwa inawasha na vidole vinaingia ganzi, na fundo lenyewe lilikuwa la aina ile ambayo kila ukilivuta ndivyo linavyozidi kununa. Kaza alijaribu kucha, akajaribu meno. Mwisho likakatwa kwa kisu cha mkate.

"Mume wangu," mke aliuliza akijipaka mafuta mikononi, "mimi ni mabati?"

"Hapana, mke wangu."

"Basi nisikilize. Jumamosi ijayo watoto wanakwenda tena kwa shangazi yao. Utaleta kamba ya kufaa ngozi ya mtu, na kabla haijanigusa mimi itakufunga wewe. Ukiniletea upuuzi mwingine, mchezo umekwisha. Tutarudi kwenye karata."

Kaza akanywea. Kwenye karata mkewe alimshinda tangu uchumba. Lakini lililomkosesha raha zaidi ni yale macho yaliyotazama chini. Miaka mingi ilikuwa imepita mkewe hajamwomba jambo kwa macho yale, na yeye alikuwa ameyajibu kwa kisu cha mkate.

Jumatatu alikwenda duka la kamba nyuma ya soko. Muuzaji alikuwa mama mtu mzima, miwani ikining'inia kifuani.

"Ya kufunga nini, mwanangu?" aliuliza, akitandaza kamba za kila aina mezani.

"Mzigo, mama."

"Uzito?"

"Kilo sabini hivi."

"Unavunjika?"

Kaza akafikiri. "Unalalamika."

Yule mama akavaa miwani, akamkagua kuanzia viatu hadi kofia. "Na huo mzigo wenyewe umekubali kufungwa?"

"Umeomba."

"Ungesema mapema, nakutolea kamba za ng'ombe za nini?" Akazisukuma zote kando kwa kiwiko. "Katani inachoma, mwenzio atadhani amelala na gunia. Nailoni inateleza, na ukiivuta haraka inaunguza ngozi. Hii ya njano hata mbuzi wangu simfungi nayo."

Kaza akatazama sakafu.

Kutoka rafu ya chini mama akavuta kamba nyeupe ya pamba, iliyosukwa, nene kama kidole cha mwisho. "Ipitishe hapa, upande wa ndani wa mkono. Inakwaruza? Haya. Nyembamba kuliko hii inakata, na nene kuliko hii fundo lake linakuwa kama ngumi. Uifue kwanza. Shingoni isikaribie kabisa. Kati ya kamba na ngozi vidole viwili viingie bila kupiga hodi. Akisema ganzi, unafungua, hakuna mjadala. Na mkasi uwe karibu."

"Mama, haya yote umeyajulia wapi?"

"Nauza kamba mwaka wa thelathini huu. Unadhani wanaokuja hapa wote wana ng'ombe?"

Kamba ilifuliwa, ikaanikwa, ikapitiwa na mkewe inchi kwa inchi kama kitambaa cha bibi harusi. Jumatano Kaza alikwenda kazini na kipande chake mkononi, chini ya shati, kuipima kwa jasho. Dereva akakiona.

"Kaza, hiyo nini?"

"Dawa ya mgongo."

"Mkononi?"

"Mgongo wangu mrefu."

Hadi jioni hakuona hata alama nyekundu. Usiku mzima wa Alhamisi na Ijumaa, hata hivyo, alipakia saruji, na Jumamosi mchana alifika nyumbani macho yakiwa mazito kama mifuko ile.

Mkewe alikuwa tayari, mkasi wa bandeji wenye ncha butu ukining'inia shingoni mwake kwa utepe.

"Lala. Neno la kusimamisha ni lipi?"

"Breki," alisema Kaza.

Mkewe alimfunga polepole, mkono mmoja baada ya mwingine. Akapitisha vidole viwili, vikaingia. Akamaliza kwa fundo la kuvuta ncha moja. Kisha akampiga makofi mawili ya paja.

"Huyu haendi popote. Twende."

Akapiga hatua tatu kwenda kufunga pazia. Alipogeuka, alisikia mkoromo wa lori linalopanda mlima.

Alisimama akamtazama. Akavuta ncha, kamba ikaachia yote mara moja. Akamfunika shuka.

Kaza alizinduka saa kumi na moja. Mkewe alikuwa pembeni yake, kamba imekunjwa vizuri mapajani. Nje sauti za watoto zilikuwa zinakaribia.

"Kamba imefaulu," mke alisema.

"Na mimi?"

"Wewe utarudia. Jumamosi ijayo, na zamu ya kufunga itakuwa yako, kama utaweza kukaa macho."

Akachukua pakiti ya karata iliyokuwa mezani, akaitupa juu ya kabati, nyuma kabisa, kusikofikika bila ngazi.