Sehemu ya Saba ya Nungunungu

"Mi siendi, tata, nimesema, enda weye peke yako," na baba akajibu, "Na Kifaransa nani atanielezea, ukuta?" na Mbombo akauzamisha mwiko ndani ya bukari, ugali wa jioni, kama anayechimba, eti Kifaransa, hana haya mzee huyu, amesimama mlangoni na shati la Jumapili, ndevu zina mvi, moyo unamdunda kwa ajili ya katuni, nungunungu mdogo anayezurura kwenye theluji, sasa wamefika sehemu ya saba, na kila moja ikiingia Kolwezi yeye ndiye wa kwanza kwenye benchi la banda la video la Musafiri, Mbombo ubavuni akimnong'onezea kila neno, miaka kumi sasa, maana baba hakusoma, lakini ni nani aliyesema mwaka jana, mgongo ulipomuumia kwenye shimo la mgodi, kwamba masomo yametosha, mtoto aende mtoni na wanawake kuosha mawe ya shaba, nani?... "Weye na mi hatujakosa hata moja, Mbombo," anasema, na yeye, "Ungeniacha kwa masomo, tata, ningekuelezea mpaka ya makumi mbili," vidole vya Mbombo vimepasuka kwa maji ya mawe, madaftari yake yule muuzaji Mama Jeanne anafungia karanga sokoni, na siku ile alipokunja sare ya shule baba hakutoa chozi, jicho kavu kabisa, ila kwa nungunungu alilia, sehemu ya kwanza, mbele ya watu, mpaka Musafiri akamcheka, "Tata Nkulu, ile ni michoro tu!"... alilia wapi hasa, pale mama nungunungu alipolala thelujini na mtoto akawa anamsukuma kwa pua, anamsukuma, baba akauliza, "Mutoto anasema nini?" na Mbombo alikuwa na miaka saba, Kifaransa chake kilikuwa salamu na majina ya rangi, hakuelewa hata neno, akaona haya kusema hajui, akajibu kwa maneno aliyokuwa nayo, mama yake amekwenda Kisenge kwa dada yake, atarudi... bukari inashika chini, moshi wa makaa machoni, Kisenge, maneno hayo alimfundisha nani kama si baba, mvua za mwaka ule ule, kitanda cha mama kitupu, wamama wamekaa uani kwenye mikeka, "Mama yako amekwenda Kisenge kwa dada yake, atarudi," na mama alikuwa amekwisha zikwa, ukweli aliupata kwa watoto wa shule... theluji haihitaji Kifaransa, mwenye macho aliona yule mama amekufa, baba aliona, kumbe hakumlilia nungunungu, na kila sehemu iliyofuata, kabla ya lolote, swali lake lilikuwa lile lile, "Mama yake je?" na yeye, "Bado, tata," akidhani mzee hashiki hadithi... hasira ipo, vidole vinawaka, kwa masomo yale hamsamehi leo wala kesho, lakini sehemu sita zote mzee alikaa pale akiusikia uongo wake mwenyewe kinywani mwa mwanawe na hakumsahihisha, na Mbombo anageuza bukari, hainui uso, baba hajasogea, mkono kwenye kizingiti, anasema polepole, "Twende, Mbombo, pengine leo amerudi toka Kisenge."