Jino Jeupe la Baba Anande

Jana usiku niliota nimekaa kwenye kiti cha daktari wa meno, na daktari mwenyewe ni gego.

Si mtu mwenye gego. Ni gego lenyewe, kubwa kama pipa, limesimama kwa mizizi yake, limevaa koti jeupe na vifungo vyote vimefungwa. Kwa kuwa lilinizidi umri, nililiamkia.

"Marahaba, Kaaya. Panua."

Nikapanua. Jino langu la mbele nilikuwa nimelivunja kwa kuwafungulia wageni soda, siku walipoleta barua ya posa ya binti yangu, Anande. Jumamosi hii ndiyo sendofu yake, sherehe ya kumuaga. Baba lazima asimame aseme neno, na mimi tangu siku ile nazungumza nimejiziba mdomo kwa mkono.

"Una swali?" gego likauliza.

"Itauma?"

"Itauma. Ndiyo maana maumivu tunayatoa nje." Likafungua mlango. Maumivu yangu yakanyanyuka, yakatoka, yakakaa kwenye benchi la wagonjwa na kufungua gazeti.

"Jino jipya litadumu?"

"Litakuzika, ukiacha kufungua soda."

"Na rangi?"

Hapo gego likavuta kiti. "Hapo ndipo watu wanapokosea. Jino la kutengeneza halibadiliki. Ulisugue, ulipake dawa, litabaki vile ulivyolichagua. Kwa hiyo kwanza tunawauliza majirani."

Majirani wakashuka kutoka kinywani mwangu, meno mawili ya kahawia, wakasimama mbele yetu. Kwetu chini ya Mlima Meru wengi tuna meno hayo. Maji yetu yana madini, na anayeyanywa utotoni meno yake huota yakiwa na rangi tayari. Huko mjini watu hudhani hatupigi mswaki.

"Tumemtafunia makande tangu mtoto," alisema jirani wa kulia. "Leo anatuletea mweupe aje akae katikati yetu kama mkaguzi wa shule."

"Hamtakaa naye hivyo," nikasema. "Nataka wote mvikwe gamba jeupe. Wakwe wanatoka Dodoma, sitaki kuchekwa."

"Na Anande? Si ana meno kama sisi?"

"Anande ataelewa."

"Angalau yasizidi weupe wa macho yako," gego likanisihi. "Ndiyo kanuni."

"Yazidi," nikasema.

Likayavika yote. Niliposhuka kitini, nilikuwa nimeshakanyaga zulia la ukumbi wa sendofu.

Watu wamejaa. Ninatabasamu, na kila ninapotabasamu wapiga picha wanazima taa zao, hazihitajiki. Anande anakuja kwa gauni la kijani, anatafuta mtu kwa macho. Ananifikia.

"Shikamoo, mzee. Samahani, umemwona baba yangu?"

"Ni mimi, mama."

Ananitazama kwa adabu, kama mtu anayetazama basi lisilo lake. "Hapana, baba yangu namjua akicheka. Ana meno kama haya." Ananionyesha yake, kisha anaendelea kutafuta, meza hadi meza, anainama kutazama vinywa vya wageni.

Mshereheshaji anashika kipaza sauti. "Baba wa binti apite mbele! Hayupo? Basi jamani, kama hana baba, tukate keki."

Nikakimbia. Gego lilikuwa jikoni, linasubiri pilau.

"Nirudishie rangi yangu!"

"Haimo kwenye sanduku langu," likasema. "Ile haikutengenezwa kliniki. Nenda kaichukue ilikotoka."

Likasogeza sufuria. Chini yake palikuwa na shimo, nikashuka.

Nipo ndani ya mlima. Sijawahi kuona mahali palipotulia hivyo. Maji yanapita juu ya mawe bila haraka, na kando yake meno yamepangwa safu kwa safu kupanda gizani, kama waumini kanisani. Ni ya watu wote waliowahi kunywa pale. Mwanga unaingia kutoka mahali nisipopaona, na safu zote zinawaka rangi ya asali.

Nikavua viatu. Hakuna aliyeniambia nivue.

Nikayaona meno ya mama yangu. Niliyatambua mara moja, bila uso wake. Pembeni yake, maji yalikuwa yanapaka vijino ambavyo bado havijaota, kimoja kimoja, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala.

"Nimekuja kuchukua rangi," nikasema. Sauti yangu ilikuwa ndogo sana.

"Ulikuwa na kiu, nikakupa maji," maji yakajibu. "Nilikuwa na rangi, nikakupa na hiyo. Sikukudai chochote. Kinga mkono."

Nikakinga. Gego lilikuwa limeshafika nyuma yangu na sindano. Likanidunga ganzi juu ya mdomo, upande wa kulia, likabandua weupe wote, likachovya jino jipya kiganjani mwangu na kulipachika. Majirani wakasogea kumpisha mwenzao.

"Baba!" Anande alikuwa amesimama juu ya shimo, gauni amelishika mkononi. "Ulikuwa wapi? Wanakuita!"

Nikafumbua macho. Kulikuwa kumekucha, na mke wangu ananiletea chai.

"Leo mchana ndiyo unaonana na yule daktari wa meno," alisema. "Umeamua rangi gani?"

"Kama ya meno yako."

Alicheka sana, meno yake yote ya kahawia yakiwa nje. Kisha akaacha. "Baba Anande, mbona chai inakumwagikia?"

Nikaweka kikombe chini, nikajigusa mdomo wa juu. Nilitaka kumwambia si kitu. Nilitaka kucheka naye, ila upande wa kulia, pale gego liliponidunga ganzi, haukuitika.