Kuta Arobaini

Gundi ilikuwa haijakauka kwenye tangazo la asubuhi, na tayari Mama Gundi alikuwa ameletewa jingine la kulifunika. Alilisoma palepale kiwandani, katikati ya kelele za mashine za kuchapa. La asubuhi lilisema mfalme amefungua ghala la unga, kila nyumba debe moja. Hili lilisema ghala halifunguliwi, na atakayekutwa hapo baada ya saa saba ni muasi, apigwe risasi.

"Huyu mfalme ana nini?"

"Asubuhi alizungumza na mama yake," alijibu msimamizi bila kuinua macho. "Baadaye akaingia jemadari."

Ndivyo walivyotawaliwa. Mfalme alikuwa bendera fuata upepo, na aliyetoka mwisho chumbani kwake ndiye aliyetawala mpaka aingie mwingine. Watu walikuwa wamemchoka hata kumtukana wakaona uvivu.

"Bosi, binti yangu yuko kwenye foleni ghalani. Nimemtuma mwenyewe. Niruhusu nianzie huko."

"Tangazo la mfalme huanzia lango la mfalme. Kuta arobaini, ghala la mwisho. Kazi hii unaijua kuliko mimi."

"Nitafika saa saba imepita!"

"Basi kimbia, mama."

Alikimbia. Askari mmoja alimfuata na daftari, akitia alama kila ukuta, asije akaruka hata mmoja. Sokoni muuza nyama alimpigia kelele, "Mama Gundi, leo kaota nini tena?" Wateja wakacheka.

"Mtume mtu ghalani, baba! Awaambie waondoke, watapigwa risasi!"

"Asubuhi umetuambia twende, sasa tuondoke. Tushike lipi?" Akarudi kukata nyama yake.

Alikuwa kwenye ukuta wa thelathini na moja aliposikia bunduki. Hazikulia kwa muda mrefu. Askari alifunua ukurasa mwingine wa daftari.

Mbele ya ghala watu walilala kati ya madebe matupu. Waliookoka walikuwa wamesogea mwisho wa barabara, wanatazama. Afisa alimjia mbio.

"Umechelewa! Bandika."

"Afande, nimtafute mwanangu kwanza. Kavaa gauni la kijani."

"Bandika kwanza. Bila karatasi ukutani, hawa hawakuonywa. Unataka mfalme aonekane muuaji?"

Alichovya brashi. Gundi ilimchirizika hadi kiwikoni. Alimchukia mfalme, akamchukia afisa, na zaidi akajichukia mwenyewe, kwa sababu mikono yake iliiweka karatasi sawasawa, pembe kwa pembe, kama ilivyozoea.

Nyuma yake watu walianza kurudi, wakiinama kuokota mawe. Mfalme alikuwa mbali, ndani ya kuta nene. Mama Gundi alikuwa hatua ishirini tu.

Jiwe la kwanza lilimpata begani alipogeuka kulitafuta gauni la kijani.